Kibao Mbele ya Dirisha la Ofisa Mafunzo

Ilikuwa mwaka ule hospitali ilipopata lifti yake ya kwanza. La, nimekosea. Lifti ilikuja mwaka uliotangulia, maana siku mambo haya yalipotokea ilikuwa imeshaharibika, na mlangoni pake pamesimama kibao chekundu kinachosema PANDA NGAZI. Kibao hicho kiliandikwa na Fundi Mstari kwa mkono wake mwenyewe. Basi tuseme ni mwaka wa pili wa lifti, mwezi wa mvua, rangi ilipokuwa haikauki upesi.

Jina lake la kuzaliwa limo ndani ya faili katika ofisi ya wafanyakazi, na huko limelala salama. Watu wote, tangu walinzi wa getini mpaka madaktari wa upasuaji, walimwita Fundi Mstari, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kuvuta mstari urefu wa ukuta mzima bila rula, pumzi ameibana, brashi inakwenda kama inateleza yenyewe. Ukija baadaye na kamba ukaupima, huoni ulipopinda. Mkewe alikuwa akiwaambia watoto, "Nyumba hii kuta zimepinda, milango imepinda, nyinyi ndio msiseme. Kilichonyooka humu ni mstari wa baba yenu tu."

Karakana yake ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ambapo harufu ya tapentaini ilikutana na mvuke wa mashuka yanayochemshwa, zikagombana mchana kutwa. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi humo. WODI YA WAZAZI ni yake. MAABARA ni yake. NAWA MIKONO zote, na zilikuwa nyingi, ni zake. Hata ile TAFADHALI USIKETI NGAZINI ambayo watu waliiegemea wakiwa wameketi ngazini. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa kibao, naye hakutaka. Alikuwa akisema mtu akikisifu kibao ujue kimemchelewesha; kibao chema ni kile kinachomfikisha mgonjwa mlangoni bila yeye kukumbuka kwamba alisoma kitu njiani.

Sasa, fundi huyu alikuwa na desturi moja aliyorithi kwa fundi aliyemfundisha, nayo iliitwa kuvusha. Kibao hakitundikwi kabla hakijavushwa. Maana yake ni hii: rangi ikiwa bado mbichi, unakiegemeza kibao ukutani, unavuka ua hatua thelathini, kisha unamwita mtu mwenye macho mabovu kuliko wote walio karibu, asome kwa sauti. Akikwama, hata kwenye herufi moja, unachukua kitambaa na kufuta. Hakuna kubishana. Kibao hakisomwi na aliyekiandika.

Kwa miaka kumi na tisa mvushaji wake alikuwa Bibi Dobi, mkuu wa chumba cha kufulia, mama mnene aliyekuwa na mikono myeupe kwa sabuni na macho yaliyochoshwa na mvuke. Alikuwa akija, anasimama kwenye mstari wa chaki, anakunja mikono kifuani, anasoma. Siku moja tu Fundi Mstari alithubutu kubishana naye, kwa ajili ya mkia mzuri aliouwekea herufi ya mwisho.

"Bibi, huo ni urembo tu, mbona unasomeka?"

"Urembo wako upeleke harusini," Bibi Dobi akamjibu. "Mimi hapa nina tumbo, ninatafuta choo."

Akafuta.

Miaka ikaenda, na macho ya fundi nayo yakaanza kumwonyesha uzee. Jicho la kushoto likaota mtoto wa jicho. Daktari akamwambia asubiri, bado halijaiva.

"Kuiva? Kwani ni ndizi?" akauliza.

Daktari akacheka, lakini hakubadili neno lake. Si kwamba fundi alikuwa haoni. Herufi nyeusi juu ya njano alizisoma toka ng'ambo ya ua. Kilichomshinda ni vitu hafifu, kijivu juu ya nyeupe, vidogo. Hivyo vilimyeyukia kama sukari kwenye chai. Naye, mtu wa kazi, alijirekebisha. Akaongeza ukubwa wa herufi kidogo, akaacha rangi za kunong'ona, akabaki na zile zinazopiga kelele. Hakuna mgonjwa aliyelalamika. Bibi Dobi alisema hata vimekuwa bora.

Mwaka huo wa pili wa lifti ndipo jengo jipya la watoto lilipokamilika. Orofa nne, milango arobaini na sita, kuta nyeupe zisizo na neno hata moja. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na alikuwa akiisubiri kama mtu anavyosubiri mjukuu. Daftarini mwake alishachora kila kitu: orofa ya kwanza samaki, ya pili ndege, ya tatu kobe, ya juu kabisa nyota, ili mtoto asiyejua kusoma naye ajue amelazwa wapi. Njano alishaichanganya, debe zima, ikafunikwa.

Ndipo likabandikwa tangazo. Kuanzia mwezi unaofuata, hakuna mfanyakazi atakayeingia jengo jipya kufanya kazi bila cheti cha usalama. Mafunzo yenyewe hayafanyiki darasani tena. Yamo kwenye simu na kompyuta, kila mtu asome kwa wakati wake, kisha afanye mtihani wa maswali ishirini kwa dakika ishirini. Majaribio ni matatu. Anayeanguka mara tatu atapangiwa kazi kwingine. Na kwa upande wa vibao, chini kabisa ya tangazo, palikuwa na mstari mmoja: ikibidi, itatafutwa kampuni ya stika.

"Stika," Fundi Mstari alimwambia Bibi Dobi, kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Lakini hakuwa na wasiwasi. Kunawa mikono, kubeba mizigo, alama za hatari, mambo hayo aliyajua tangu ofisa mafunzo akiwa hajaota meno. Jumamosi asubuhi akaketi barazani na simu yake, miwani puani, mkewe pembeni akichambua mchele. Mkewe tulimjua kwa jina la Mama Pacha, kwa ajili ya wale wawili wa kwanza.

Akafungua. Ukurasa ulikuwa mweupe kama shuka la Bibi Dobi, na juu yake maandishi ya kijivu, membamba, madogo kama wadudu wa mchele. Majibu manne yalijipanga chini, kijivu zaidi. Juu pembeni saa inarudi nyuma. Fundi akapanua kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa na binti yake. Herufi zikakua kweli, lakini ukurasa wote ukakua nazo, na kitufe cha ENDELEA kikatoka nje ya kioo, kikapotea upande wa kulia. Akakifuata kwa kidole. Alipokipata, swali nalo likawa limepotea upande wa kushoto. Akarudi kulitafuta. Akageuza simu ilale, apate nafasi, ukurasa ukajifuta na kumrudisha swali la kwanza, saa ikiendelea.

"Mbona unahema?" Mama Pacha akauliza. "Unafanya mtihani au unasukuma gari?"

"Ninakimbizana na kitufe."

Saa ikaisha. Kioo kikamletea maneno, na haya yalikuwa makubwa, ajabu, pengine kwa kuwa yalikuwa ya kumsema: UMEPATA 4 KATI YA 20. TAFADHALI RUDIA SOMO LA KUNAWA MIKONO.

Mama Pacha alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Wewe! Wewe uliyeandika NAWA MIKONO mpaka mlango wa chumba cha maiti! Leo simu inakutuma ukanawe!"

Naye fundi akacheka, lakini simu akaigeuza kifudifudi.

Jumapili akaja kitindamimba wao, binti anayefundisha watoto wa shule ya msingi. Alipoambiwa kisa akanyoosha mkono. "Lete simu, baba. Nipe neno la siri. Dakika kumi tu nimekufanyia, tukale."

"Unifanyie nini?"

"Mtihani. Baba, kila mtu anafanya hivyo. Mume wa mwalimu mwenzangu ni dereva wa gari la wagonjwa hapo hapo kwenu, wa kwake kafanyiwa na mtoto wake."

"Basi mtoto wake ndiye aendeshe gari."

"Baba!"

"Sikiliza, mwanangu. Wakiniuliza mambo nisiyoyajua nikaanguka, nitarudi nyumbani nimenyamaza, nikasome. Lakini haya nayajua. Sitafutiwa jina langu niandikiwe la mtu mwingine juu yake, hata kama ni la kwako."

"Kichwa hicho," Mama Pacha akamwambia bintiye. "Mimi nimeishi nacho miaka thelathini na sita. Usijisumbue."

Wakakubaliana kitu cha katikati: binti amshikie simu kivulini, baba asome na ajibu mwenyewe. Akapata saba. Zile alama tatu za nyongeza zilikuwa za kivuli.

Safari hii ukurasa ulimruhusu kuona alipokosea. Jibu sahihi lilikuwa na rangi ya kijani kilichofifia, kosa lilikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, na kwa jicho la fundi zote mbili zilikuwa vumbi. Binti ndiye aliyekuwa akipitia. Alipofika swali la kumi na moja akasimamisha kidole. Lilikuwa swali la picha: *Kibao hiki kinamaanisha nini?* Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama kunde.

"Baba," akasema taratibu, "hapa ulijibu nini?"

"Nilibahatisha. Niliona kitu cha njano tu."

Binti akaikuza picha peke yake, akasogeza simu karibu na uso wa babaye. Ilikuwa TAA NYEKUNDU IKIWAKA USIINGIE, ya chumba cha picha za mionzi. Kona ya chini kulia palikuwa na kidoti cheusi ambacho Fundi Mstari aliweka kwenye kazi zake zote badala ya sahihi.

Mama Pacha alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Kibao chake mwenyewe. Walikuja na kamera wakakipiga, wakakiingiza kwenye mtihani, wakakifinya mpaka aliyekiandika hakukitambua, kisha wakamnyima alama.

"Kesho," fundi akasema, "nakwenda kumwona huyo ofisa mafunzo."

Ofisa mafunzo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye suti iliyombana mabegani na meza isiyo na karatasi hata moja. Alimpa fundi kiti, akamwita mzee, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, mfumo huu tumeletewa hivi ulivyo," akasema. "Umetengenezwa na wataalamu. Ni wa kisasa, unapendeza. Watu mia mbili na kumi wameshafaulu."

"Wao wenyewe?"

Ofisa akatazama dirishani. "Cheti kina majina yao."

"Naomba herufi ziwe kubwa, mwanangu, na ziwe nyeusi. Basi. Siombi majibu."

"Haibadiliki, mzee. Tungebadilisha kwa ajili yako, kesho mwingine atakuja anataka ya kijani. Si umlete binti yako akusomee tu? Au..." akatabasamu, "akusaidie zaidi ya kusoma. Mimi sitauliza. Kuna swali rahisi zaidi ya lile la picha? Mwenye macho haambiwi tazama."

Ni maneno yaliyotoka kwa utani, bila nia mbaya. Lakini Fundi Mstari aliinuka, akavaa kofia yake.

"Umesema kweli," akajibu. "Haambiwi. Basi na mimi sitakwambia. Nitakuonyesha."

Siku mbili hakutoka karakana. Kwanza aliomba lenzi maabara, akapima herufi za ule ukurasa kwa rula ya chuma: urefu milimita moja kamili. Akampima kijana mmoja wa stoo anavyoshika simu: kutoka kioo mpaka jicho, sentimita thelathini na tano. Kisha akapima ua wake wa kuvushia, hatua thelathini, mita ishirini na moja. Akapiga hesabu kwa chaki mlangoni, akafuta, akapiga tena. Umbali ni mara sitini, basi herufi nazo ziwe mara sitini: sentimita sita. Hakupunguza hata unywele. Alijua kwamba ukidhulumu kipimo, hoja yako imekufa kabla hujafungua mdomo.

Rangi ndiyo iliyomchosha. Nyeupe, tone la nyeusi, tone la buluu. Akaweka simu pembeni, akamwita Bibi Dobi na kijana wa stoo walinganishe, kwa kuwa jicho lake hakuliamini kwa kazi hiyo. Nyeupe tena. Mwisho ikatoka kijivu kama maji yaliyooshea mchele. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuchanganya rangi ya aibu namna ile.

Akaandika swali la kwanza la mtihani kama lilivyo, na majibu yake manne. Juu pembeni akachora saa. Na kitufe cha ENDELEA akakiandika kikitokeza nusu tu, nusu nyingine imekatwa na ukingo wa ubao. Mstari wa juu ulinyooka kama kawaida yake. Hata kwa kitu anachokichukia hakuweza kuupinda.

Alhamisi saa tatu asubuhi, wakati wa watu kubadilishana zamu, akakisimamisha kibao kile uani kwa miguu miwili, mkabala na dirisha la ofisa mafunzo. Akahesabu hatua thelathini, akavuta mstari wa chaki. Bibi Dobi akaja, akakunja mikono.

"Mbona tupu?" akauliza.

"Si tupu, bibi. Soma."

Akafinya macho. Akainamisha kichwa hivi, akakiinamisha vile. "Naona kama mtu amefuta kitu. Hakisomeki hiki. Lete kitambaa, futa."

"Leo sifuti."

Watu wakaanza kusimama. Mpishi wa wagonjwa akajaribu, akasoma neno la kwanza, akasema mengine ni mchwa. Daktari wa upasuaji akavaa miwani, akavua, akavaa tena, akasema anawahi chumba cha upasuaji. Mfagizi mmoja akapiga hatua tano mbele ya chaki, Bibi Dobi akamvuta shati: "Rudi kwenye mstari, unaiba!" Vicheko vikajaa ua. Fundi Mstari alikaa kwenye kigoda kando ya kibao, mikono magotini, hakucheka.

Dirisha likafunguka, kisha mlango. Ofisa mafunzo akatoka.

"Mzee, hii ni nini sasa?"

"Ni mtihani wako. Nimekuletea nje."

"Unanidhalilisha. Tafadhali kiondoe."

"Nitakiondoa," fundi akasema kwa upole, "mtu mmoja tu akikisoma chote kutoka kwenye chaki. Swali na majibu manne. Kipimo ni kilekile cha simu, rula hii hapa, hesabu iko mlangoni kwangu, kakague."

Kijana alikuwa na macho mazuri, na alikuwa na haki ya kujiamini. Akasimama kwenye chaki, akafunga kifungo cha koti, akasoma swali lote, neno kwa neno. Akasoma jibu la kwanza. Fundi aliona moyo wake ukishuka taratibu kama brashi ikizama ndooni. Wala si kwa sababu ya kijana; alikuwa akiiona ile milango arobaini na sita.

Mara wingu likapasuka. Jua la mwezi wa mvua, lile kali lililooshwa, likaangukia ubao. Maji ya mchele yakayeyuka, pakabaki weupe mtupu.

Ofisa akaweka kiganja juu ya nyusi. "Ngojeni kidogo. Jua lipite."

"Na mgonjwa naye angoje jua lipite?" Bibi Dobi akauliza.

"Saa inakwenda, mwanangu," Fundi Mstari akasema, akionyesha ile saa aliyoichora. "Na usisahau, kitufe kiko nje ya ubao. Utakitafuta ukimaliza."

Hapo ua ulicheka mpaka njiwa wakaruka paani. Ofisa akajaribu kusogea pembeni, akajaribu kuinama, mwisho akarudi ndani na kufunga mlango, si kwa kuubamiza.

Saa nane ikaja barua: kibao kiondolewe leo hii. Fundi akaisoma, ilikuwa na herufi nyeusi nzuri, akaikunja mfukoni. Ijumaa akatumwa mlinzi kukibeba. Mlinzi akasimama mbele yake, akakizunguka, akarudi kuripoti kwamba ameambiwa aondoe kibao chenye maandishi, naye hajaona maandishi. Mlinzi yule alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, naye cheti chake alifanyiwa na shemeji yake.

Jumatatu kibao kilikuwa bado kimesimama, kimelowa mvua, na ndipo Muuguzi Mkuu alipopita. Mama huyu alikuwa mkali, mfupi, ambaye hata mganga mkuu alizima simu akimwona. Alisimama kwenye chaki muda mrefu. Kisha akamwendea fundi kwenye kigoda chake.

"Fundi."

"Sista."

"Cheti changu mimi kafanya mjukuu wangu. Yuko darasa la sita."

Fundi akamsogezea kigoda, mama akakataa kukaa.

"Yaani aliyefuzu kuzuia maambukizi kwenye wodi zangu ni mtoto anayenyonya peni," akasema. "Nilijiambia ni uzee wangu, ni aibu yangu, nikanyamaza. Kumbe tuko wengi tumenyamaza kila mmoja na aibu yake. Usikiondoe."

Akaingia ofisini kwa mganga mkuu na karatasi. Juu ya karatasi aliandika jina lake mwenyewe kwanza, chini akaacha mistari mitupu ya wale waliofanyiwa mtihani na wengine, akaipitisha wodi kwa wodi. Ilirudi jioni na majina mia moja na ishirini na tatu. Dereva wa gari la wagonjwa naye alikuwemo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, lakini polepole, kama vitu vya ofisi vinavyokwenda. Hospitali ikawaandikia waliotengeneza ule mfumo. Wakajibu kwamba haibadiliki. Ikaandika tena na kuambatisha karatasi ya majina. Wakajibu kwamba kumbe inabadilika, ila walikuwa wamefunga. Siku kumi na saba. Kisha akaja karakana dada mmoja anayeshughulikia kompyuta za hospitali, msichana mpole, akaketi kwenye debe la rangi na mashine yake magotini.

"Haya, baba. Wameshafungua. Niziweke herufi kubwa kiasi gani?"

"Kubwa kiasi gani kwa nani?"

"Kwako."

"Kwangu kubwa, nyeusi juu ya njano. Lakini ukiweka hivyo kwa wote utakuwa umekosea kama wao. Yule daktari wa zamu za usiku mwanga unamwumiza kichwa, mpe kioo cheusi, herufi nyeupe. Bibi Dobi vidole vyake vimevimba kwa maji, mpe vitufe vinene. Wewe una macho ya paka, bakiza kidogo kama unapenda. Kila mtu apewe kitasa cha kwake cha kuzungusha, achague mwenyewe kinachomfaa."

"Na ukurasa ukikuzwa?"

"Ujikunje. Neno likifika ukingoni lishuke chini, kama ninavyofanya mimi ubao ukiwa mwembamba. Kitufe kisitoke nje. Na jibu sahihi lisiwe rangi tu. Liwekee alama ya vema, watu wengine kijani na nyekundu kwao ni mtu na pacha wake."

Dada akawa anaandika. "Na saa?"

"Saa iondoe. Tunazima moto au tunasoma?"

Saa hawakuiondoa, ila waliruhusu mtu aongezewe muda. Alhamisi iliyofuata dada alirudi na ukurasa. Fundi akaegemeza kompyuta ukutani, akavuka ua, si hatua thelathini, tatu tu zilitosha, akamwita Bibi Dobi. Bibi akasoma kwa sauti mpaka mwisho bila kukwama.

"Hiki sasa ni kibao," akasema. "Tundikeni."

Fundi Mstari akafanya jaribio lake la tatu na la mwisho mezani kwa ofisa mafunzo, ofisa mwenyewe amekaa mbele yake. Akapata kumi na tisa. Aliyoikosa ni ile namba kumi na moja. Picha sasa ilionekana vizuri, kidoti chake kikiwemo, naye akajibu: subiri taa izimike, ndipo uingie. Mtihani ukasema jibu ni: usiingie kamwe.

"Kumi na tisa ni nyingi sana, mzee," ofisa akasema, akiinuka kumpa mkono. "Hongera."

"Ishirini," fundi akajibu, mkono ameushika. "Kile kibao nimekiandika mimi. Watu wasipoingia kamwe, nani atapigwa picha?"

Ofisa aliandika suala hilo kwenye daftari, na yeye mwenyewe, kwa hiari yake, akasaidia kukibeba kile kibao cha kijivu mpaka karakana.

Jengo la watoto lilichukua wiki sita. Samaki, ndege, kobe, nyota. Kibao cha mwisho kilikuwa cha chumba cha kuchezea, orofa ya juu. Bibi Dobi alipandishwa kwa ngazi akipumzika kila kituo na kuilaani lifti, akakivusha kwenye korido, akashuka bila kusema neno, na kwake hiyo ndiyo sifa.

Kabla ya kukabidhi funguo za stoo ya rangi, Fundi Mstari aliandika barua kwa wale waliotengeneza ule mfumo. Hakuwatukana. Aliwashukuru kwa kufungua walichokuwa wamefunga, akawaeleza juu ya swali la kumi na moja, na mwisho akawauliza jambo moja, kwa herufi zake nyeusi zilizonyooka. Akangoja. Mwaka ukaisha, jicho likaiva, likapasuliwa, likapona, barua haikujibiwa. Akamwuliza ofisa mafunzo, akamwuliza dada wa kompyuta, na mimi pia aliwahi kuniuliza tukiwa tumekaa barazani kwake, nikabaki nikikoroga chai.

Swali lenyewe lilikuwa hili: yule aliyeuchora ukurasa ule mara ya kwanza, rangi ikiwa bado mbichi, alivuka ua akamwita nani aje kusoma?